Darasa la Jumamosi la projekti za takwimu hapa Kisumu: nyota nne

Hii naandikia watu wa Maseno, wa Bondo na wa hizi kolej za tao wenye wameambiwa na lekchara walete projekti ya jaribio, yaani ufanye kitu mwenyewe upime, si kusambaza fomu za maswali, na mpaka saa hii hawajui hata wataanzia wapi. Kuna darasa la Jumamosi nimekuwa nikienda na naona wengi hawalijui, wanaishia kwa wale wa saiba wanaouza data ya kutunga, unalipa unapewa Excel imejaa namba hakuna mtu aliwahi kupima, halafu unasimama mbele ya paneli unaulizwa swali moja tu, hizi ulipima na nini, na hapo mambo imeisha. Hio biashara inaniuma sana juu inaharibu watoto wa watu wenye wangeweza kufanya kitu kizuri na shilingi mia tatu ya maharagwe.

Place yenyewe ni orofa ya pili, chumba kimoja, unatoka Jubilee unatembea kidogo kuelekea stendi ya basi. Hakuna saini bodi. Unauliza kwa madam wa takwimu na watu wa duka la chini wanakuonyesha ngazi. Hawajajipa jina na hawana ukurasa mahali popote, kwa hivyo ndio nimeandika ndefu hivi. Bei ni 500 kwa Jumamosi moja, chai ndani, ama 1,500 ukilipia mwezi mzima, na vifaa unaleta vyako.

Sasa kazi yenyewe. Ukiingia kuna maswali matatu ubaoni na hayafutwi: nani anapata nini, ni nini imeamua, na moja ni nini. Mpaka ujibu hayo matatu kwa karatasi, hakuna kugusa kompyuta, hakuna kununua kitu, hata jina la projekti madam hataki kuskia. Watu wengi wakija mara ya kwanza wanaona anawachelewesha. Vumilia tu, juu hayo maswali ndio darasa lote, na hilo la tatu ndilo sijawahi kufundishwa mahali pengine vizuri hivo.

Anaanza na chai. Anawapa hadithi ya Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo kule Uingereza, miaka ya 1920, mwanasayansi mmoja mama anaitwa Muriel Bristol alikataa kikombe juu maziwa haikuwekwa kwanza, akasema yeye huonja akajua, na Ronald Fisher, mtu wa takwimu wa hapo, badala ya kubishana naye akapanga vikombe 8, vinne maziwa kwanza na vinne chai kwanza, vikachanganywa. Sisi huku hatupiki chai hivo kwa hivyo darasani inafanywa kivyetu: vikombe vinne vya chai iliyochemshwa pamoja na maziwa, na vinne vya strungi iliyoongezwa maziwa moto baadaye, majani ni yale yale, sukari kipimo kimoja, vikombe vinafanana. Mama mmoja wa makamo anasomea ualimu akasema hio ni kitu rahisi, chai ya kuchanganya anaijua hata akiwa amelala.

Hapo ndio nataka mwone venye madam hufanya kazi. Alikata karatasi za manila vipande 8, vinne A vinne B, akatia kwa mkebe wa kasuku, akatingisha, kijana mmoja akachomoa moja moja na hio ndio ikawa mpangilio wa vikombe mezani. Kijana akamimina, akaandika mpangilio kwa karatasi akaikunja, na akaambiwa atoke nje. Tukauliza kwa nini atoke, madam akasema huyu anajua, na mwenye anajua uso wake unaongea hata kama mdomo umefunga. Vikombe vyote vilingojewa vipoe hadi joto moja, juu ile strungi ilikuwa moto zaidi na angeweza kujua kwa joto badala ya ladha. Sijawahi kuona mtu akilinda kikombe cha chai namna hio, na kila kitu alicholinda alisema sababu.

Mama akaonja vyote, akachagua vinne anavyodhani ni vya kuchanganya. Karatasi ikafunguliwa, amepata vitatu kati ya vinne. Darasa likapiga makofi, na madam akangoja makofi yaishe ndio akatuuliza, mtu asiyejua kitu kabisa, anayekisia tu, angefika hapo mara ngapi? Tukahesabu kwa mkono. Njia za kuchagua vikombe vinne kati ya vinane ni 70. Kupata vyote vinne ni njia moja tu. Kupata vitatu sawa na kimoja kibaya ni njia 16. Jumla 17 kati ya 70, karibu asilimia 24. Yaani mtu wa kukisia karibu mara moja kwa kila nne angefanya vizuri kama mama ama kumshinda. Mama alikasirika kidogo, akasema lakini najua, na madam akamjibu kwa heshima kabisa, inawezekana unajua mama, ila vikombe nane havijatosha kutuonyesha ukikosa hata kimoja. Ile thamani ya p yenye kila mtu huogopa, yaani bahati tupu ingefika hapo ama zaidi mara ngapi, mimi hapo ndio niliielewa, bila fomula, bila jedwali la nyuma ya kitabu.

Kuanzia hapo kila grupu inachagua yake. Sisi tulichukua magadi na maharagwe, swali ambalo kila nyumba ya huku inadhani imeshajibu: ukitia magadi, maharagwe inaiva haraka? Najua jibu la kemia linajulikana, magadi inafanya maji yakuwe na alkali na ile pektini inashikilia seli za maharagwe inalegea upesi. Madam hajali kama swali ni jipya. Anajali kama jaribio lako lingeweza kukuonyesha umekosea.

Mpango wa kwanza wenye grupu nyingi huleta ni sufuria mbili, moja na magadi moja bila, unaweka saa. Madam anaangalia anauliza lile swali la tatu, moja ni nini? Mtu anajibu maharagwe, ziko mia kwa kila sufuria kwa hivyo tuna mia mbili. Hapana. Maharagwe mia ndani ya sufuria moja zimekula moto mmoja, maji mamoja, kifuniko kimoja. Hicho kifuniko kikiwa kinavuja mvuke zote mia zinaumia pamoja. Magadi ilitiwa kwa sufuria, si kwa punje, kwa hivyo moja ni sufuria, na wewe una mbili tu. Jirani zetu walikuwa na miche ya sukuma kwa beseni, beseni moja na samadi moja bila, miche ishirini kila moja, wakaambiwa hivo hivo, hamna miche arobaini, mna beseni mbili. Waliumia, lakini wakarudi na mikebe midogo, mche mmoja kila mkebe, kura kwa kila mkebe, na mikebe inahamishwa nafasi dirishani juu upande mmoja hupata jua la asubuhi zaidi.

Halafu inakuja kitu kizuri sana, unahesabu kabla ya kuwasha moto. Ukiwa na sufuria nne, mbili na mbili, njia za kugawa ni 6 tu. Hata za magadi zote zikiiva kwanza, bahati tupu ingeleta hio mara moja kwa sita, hakuna paneli itakubali. Sita, tatu na tatu, njia 20, bora kabisa unayoweza kupata ni moja kwa ishirini, pale pale kwa mstari wa 0.05, ile thamani ya p yenye paneli huwa haitaki uipite. Nane, nne na nne, njia 70, ile ile hesabu ya vikombe vya chai. Grupu yote ilinyamaza ikiangalia hio 70 ikirudi. Kwa hivyo unajua kabla hujanunua hata gramu moja kwamba sufuria nne ni kupoteza makaa.

Lakini sisi tulikuwa na meko mbili tu za gesi, na moto wa moja ni mkali kuliko ya pili. Kupika nane kwa pamoja haiwezekani. Madam akatupeleka kwa raundi: kila raundi sufuria mbili, moja na magadi moja bila, na shilingi inarushwa kuamua magadi inaenda meko gani. Hivo tofauti ya meko haiegemei upande mmoja, na siku ya upepo ama gesi kuisha nguvu inagusa zote mbili za raundi hio. Hesabu inabadilika hapo: raundi nne ni 2 mara 2 mara 2 mara 2, 16, kwa hivyo magadi ikishinda zote bado ni moja kwa 16, 0.0625, haijavuka. Raundi tano ni moja kwa 32. Kwa hivyo tano ndio chini kabisa, na ukitaka nafasi ya kupoteza raundi moja, lazima uende mpaka nane, juu kushinda angalau saba kwa nane ni 9 kwa 256. Hii yote kwa kalamu.

Kuna mambo madogo pia yenye mimi nayapenda kuliko hata hesabu. Maharagwe yote ni aina ya nyayo kutoka gunia moja pale soko la Kibuye, yakachanganywa kwa karai kabla ya kupimwa gramu 100 kila fungu, kwa sababu yale ya juu ya gunia na ya chini hayafanani unyevu. Yote yalilowekwa usiku huo huo. Maji lita moja, yanachemka kwanza. Na kuiva ni nini? Tulibishana hapo muda mrefu sana kila mtu na ya mama yake. Tukakubaliana: kila dakika tano unatoa punje kumi, unafinya kwa vidole viwili, tisa zikipondeka bila kiini kigumu, imeiva. Mwenye kufinya hajui sufuria ni gani, analetewa kwa sahani yenye herufi tu. Shida ni kwamba magadi hubadilisha rangi ya maharagwe, kwa hivyo ilibidi anafinya macho yamefungwa kitambaa. Inaonekana kama mchezo wa watoto lakini ni kazi halali kabisa, bila hio mtu mwenye anapenda magadi anaskia zake zimelainika mapema.

Mmoja wetu akapendekeza binamu yake wa Nakuru apike raundi mbili huko tumalize haraka. Madam akakubali, kwa sharti moja, kila raundi ya Nakuru iwe na zote mbili, ya magadi na isiyo na magadi. Nakuru iko juu karibu mita 1,850, Kisumu ni kama 1,130, maji ya Nakuru yanachemka karibu digrii 94 na ya hapa karibu 96, kwa hivyo maharagwe ya huko inachelewa tu yenyewe. Ungepika ya magadi Kisumu na isiyo na magadi Nakuru ungepata tofauti kubwa nzuri na hakuna mtu angekuambia ni magadi ama ni mlima.

Na hapo ndio alituletea Busia. Mwaka 1998 ilianza ile kazi ya dawa za minyoo kwa shule 75 za msingi, wachumi Michael Kremer na Edward Miguel ndio waliandika matokeo, na Kremer akapata Nobel ya uchumi 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo kwa kazi ya majaribio ya aina hii. Wengi hapa tumekulia karibu na hizo shule na hatukuwa tunajua. Madam akauliza, moja ni nini hapo? Mtu akasema mtoto. Akauliza, mtoto mwenye amepewa dawa na mwenye hajapewa wakitumia choo kimoja na uwanja mmoja, kuna nini? Basi ndio ikaeleweka, minyoo ikipungua kwa mmoja inapungua hata kwa jirani yake, ukilinganisha watoto wa shule moja unaona tofauti ndogo kuliko ilivyo. Ndio maana waligawa shule nzima, vikundi vitatu vya shule 25, dawa ikaanza kikundi kimoja 1998, kingine 1999, cha mwisho 2001. Hata hivo madam hakuwasifu tu, alisema shule zilipangwa kwa eneo kisha kwa alfabeti na kuhesabiwa moja mbili tatu, na yeye angependelea mkebe wa kasuku. Sufuria yetu na shule ya Busia ni swali moja, na mimi kwa miaka yote ya shule hakuna mtu aliwahi kunionyesha hio.

Grupu ya rula pia ilikuwa poa, unadondosha rula ya sentimita 30 mwenzako anadaka, ikishuka sentimita 20 ni kama 0.2 ya sekunde, wakapima na muziki kwa sikio na bila muziki. Kila mtu anafanya zote mbili, kura inaamua aanze na ipi juu watu huzoea wakadaka vizuri zaidi baadaye. Na mtu akidaka mara kumi bado ni mtu mmoja, unachukua wastani wake.

Sasa pahali nimekata nyota. Kompyuta. Saa ya mwisho ndio ya R, ni programu ya bure ya takwimu na anaitumia vizuri, lakini laptopu ni moja kwa darasa lote, watu wa nyuma wanaona migongo ya watu. Ukikuja na yako imeshawekwa R nyumbani utafaidika, usipokuja nayo hio saa imeenda. Kuchanganya karatasi kwa mkono uone bahati tupu huleta matokeo gani mara ngapi ni nzuri sana, lakini lekchara wengi wa chuo watataka uwaonyeshe jaribio la t, ile hesabu ya kulinganisha wastani mbili, na grafu safi, na hapo darasa linakimbia mbio. Ningependa Jumamosi nzima ya hio peke yake.

Kitu kingine, mambo ya watu na ruhusa imepewa muda kidogo sana. Madam amekataza kabisa dawa, njaa, kunyima usingizi na watoto wa shule, hapo sawa na namshukuru. Lakini hata ya kuonja chai inahitaji mtu akubali akijua anakunywa nini, kuna wenye maziwa inawasumbua na kuna wenye sukari, na ukitoka nje ya darasa unaingia mambo ya kamati ya maadili ya chuo na leseni ya NACOSTI, ile tume ya taifa inayotoa ruhusa ya utafiti. Hio ingefundishwa polepole, si mwisho mwisho watu wakikunja mabegi.

Mengine ni madogo. Wanasema saa tatu wanaanza karibu saa nne kasorobo. Mvua ikipiga mabati huskii kitu, usikae nyuma. Fotokopi zingine zimefifia mpaka jedwali halisomeki, piga picha ubao na simu.

Kama projekti yako ni ya kuhoji watu, survei, hili si darasa lako, atakuambia mwenyewe na hatachukua pesa zako, hio pia nimeipenda. Kama una wiki moja imebaki pia usiende, juu hatakubali ufanye na sufuria mbili. Nenda semista ikianza, enda na swali lenye unaweza kupima kwa saa, rula ama mizani, na karatasi ya manila ya kukata kura. Mizani ya jikoni ya kidijitali nunua kabla, ya gramu moja moja inatosha, na uipime kwanza na pakiti ya sukari ya kilo ambayo haijafunguliwa, zingine za mtaani zinadanganya. Wakiongeza laptopu hata mbili nitarudi hapa niweke ile nyota ya tano.